Kisiwa Chenye S Isiyosomwa: Uhakiki wa Shairi la "The Chaos" Kutoka Namoto

Muhula uliopita mwalimu wetu wa Kiingereza alitugawia nakala za shairi moja refu, akatutaka tulisome kwa sauti, kila mmoja mistari minne. Kila aliyesimama alijikwaa, na kila aliyejikwaa alichekwa. Mimi pia nilicheka mpaka zamu yangu ilipofika. Nilisoma mistari yangu, nikaketi, na sikucheka tena. Wiki hiyohiyo mama alikuwa amenipigia simu kunieleza kwamba mdogo wangu wa kike amekataa kwenda shule kwa sababu ya neno moja la Kiingereza, na maneno ya jamii ya neno hilo yalikuwa yamejaa mle ndani ya shairi. Toka siku hiyo nimelisoma shairi lile mara nyingi. Katika insha hii nataka kueleza uzuri wake, kisha nieleze kwa nini naona limekosea katika mambo matatu.

Shairi lenyewe linaitwa "The Chaos", yaani "Vurugu". Mtunzi wake ni Gerard Nolst Trenité, Mholanzi aliyeishi kati ya mwaka 1870 na 1946. Lilichapwa mwaka 1920 katika kitabu chake cha mazoezi ya matamshi ya Kiingereza kwa wanafunzi wa Kiholanzi. Mwanzoni lilikuwa na mistari 146, baadaye likaongezwa hadi likapita mistari 270. Msemaji anazungumza na mwanafunzi wake, anamwonyesha maneno mawili mawili au matatu matatu yanayoandikwa kwa namna moja na kutamkwa kwa namna nyingine, na anaendelea hivyo bila kupumzika hadi mwisho, ambapo anamshauri mwanafunzi huyo aachane na jambo hili.

Nianze na sifa. Kwanza, anachokisema ni kweli. Chukua herufi nne tu za Kiingereza, o, u, g na h, zikifuatana. Katika "though" zina sauti moja, katika "through" nyingine, katika "tough" nyingine, katika "cough" nyingine, katika "bough" nyingine, na katika "thought" nyingine. Hizo ni sauti sita kwa herufi zilezile. Mtu aliyezoea kusoma Kiswahili, ambamo herufi a haijawahi kumdanganya, akikutana na jambo hili huona kama amepewa ramani ambayo mchoraji wake alikuwa akifanya mzaha.

Pili, shairi lina ustadi ambao sisi tunaosoma ushairi wa Kiswahili tunapaswa kuuona upesi kuliko wengine. Katika mashairi yetu ya vina na mizani, kina huonekana kwa jicho na kusikika kwa sikio. Ukimaliza mshororo kwa "bahari", utatafuta "habari" au "safari", na msomaji ataviona vina hivyo hata kabla hajafungua mdomo. Kwa Trenité mambo ni kinyume. Jicho linaona kina mahali ambapo sikio halisikii kitu, na sikio linasikia kina mahali ambapo jicho linaona herufi zisizohusiana kabisa. Humo ndimo ulimojificha ufundishaji wake: ukilijua neno moja katika jozi ya vina, vina vyenyewe vinakufundisha la pili. Kwa hiyo shairi linalodai kwamba lugha hii haifundishiki linaifundisha kimyakimya. Huo ni ufundi wa kweli, na sitaki mtu aseme kwamba nimeuonea.

Sasa nije kwenye makosa. Lakini kabla sijafika huko, inafaa nieleze natoka wapi, kwa kuwa uhakiki wangu unatoka hukohuko.

Namoto ni kituo cha mpakani katika wilaya ya Palma, kaskazini kabisa mwa Cabo Delgado, karibu na mahali Mto Ruvuma unapoingia baharini. Ng'ambo yake ni Kilambo, mkoa wa Mtwara. Daraja la Umoja lilifunguliwa mwaka 2010, lakini lipo mbali sana kwa juu, kati ya Mtambaswala na Negomano. Kwetu sisi, kuvuka ni kupanda chombo. Nyumbani tunasema Kimakwe. Kiswahili tulikipata pwani na gulioni, Kireno tulikipata shuleni. Hata majina yetu yana nguo mbili mbili: mto ni Ruvuma upande mmoja na Rovuma upande mwingine, na mji jirani ni Kionga kwa anayeandika Kiswahili na Quionga kwa anayeandika Kireno. Kionga hiyo ilitwaliwa na Wajerumani mwaka 1894, Wareno wakaichukua tena mwaka 1916, na mkataba wa Versailles wa 1919 ukawathibitishia. Ng'ambo ya mto nako Mjerumani aliondoka, akaja Mwingereza. Ndiyo maana upande mmoja wa maji hayohayo mtoto anafundishwa kuandika kwa Kireno, na upande wa pili mtoto wa ukoo huohuo anafanya mtihani wa sekondari kwa Kiingereza.

Hoja yangu ya kwanza ni hii: shairi linachanganya lugha na maandishi yake. Linatoa hukumu juu ya Kiingereza, lakini ushahidi wote linaoleta unahusu tahajia. Ukiyaondoa maandishi, kesi nzima inaanguka.

Mjomba wangu ni nahodha wa boti ya kuvushia watu. Hakusoma zaidi ya darasa la tano. Kiingereza alikipata kwa wageni, hasa baada ya gesi kugunduliwa katika bonde la Ruvuma mwaka 2010, pale Palma ilipoanza kupokea watu wa kila taifa kwa ajili ya mradi wa Afungi. Mjomba hajawahi kuona neno "though" limeandikwa. Halimsumbui. Nilipomsomea orodha ya maneno ya Trenité aliyatamka yale anayoyajua bila taabu, kisha akaniuliza, "Sasa mpwa wangu, ugumu uko wapi?"

Nikamwambia, "Mjomba, ugumu uko katika kuyaandika."

Akasema, "Basi huyo analalamikia kalamu."

Lakini mjomba ana ugumu wake mwingine, na huo Trenité hautaji hata kwa mstari mmoja. Siku moja abiria mmoja mgeni aliona gogo linakuja na mkondo, akapiga kelele, "Look out!" Mjomba alikuwa anajua kwamba "look" ni kutazama na "out" ni nje. Akainama kwenye ubavu wa boti atazame nje, na gogo likampiga bega. Maneno yote mawili aliyajua, na sauti zote alizisikia sawasawa. Asilolijua ni kwamba Waingereza huchukua kitenzi kidogo, wakakipachikia kineno kidogo mbele yake, na maana ikaruka mahali usipotarajia. "Look after" ni kutunza, "look for" ni kutafuta, "look down on" ni kudharau, na "look out" ni jihadhari. Hakuna tahajia hapo ya kulaumiwa. Maneno haya yanaandikwa kwa urahisi kabisa, na bado yanaweza kukuvunja bega.

Kisa cha pili kilimgharimu zaidi. Kampuni moja ilikuwa ikitafuta mabaharia, mjomba akaenda kusailiwa. Akaulizwa kwa Kiingereza, "You have never worked on a ship?" Mjomba alikuwa amefanya kazi melini miaka mitatu. Akajibu, "No," akanyamaza kwa adabu akisubiri swali linalofuata. Kwa Kiswahili, mtu akikuambia, "Hujawahi kufanya kazi melini?" nawe ukasema, "Hapana," unalikanusha neno lake: hapana, si kama usemavyo, nimewahi. Mwingereza halikubali wala halikatai neno la muulizaji. Yeye huangalia jambo lenyewe. Kwake "No" maana yake ni hajawahi. Msaili aliandika kitu kwenye karatasi yake, akamshukuru, na kazi ikaenda kwa mtu mwingine. Kireno kingemwokoa, kwa kuwa Mreno hupenda kujibu kwa kurudia kitenzi chenyewe, na kitenzi hakina utata. Neno lililomnyima mjomba kazi lina herufi mbili tu, linaandikwa kama linavyotamkwa, na mtoto wa chekechea analijua.

Naweza kuongeza mengine ya jinsi hiyo. Mama mdogo wangu, aliyesoma Kireno, alifika kwenye mlango wa kioo wa ofisi moja mjini Mtwara. Mlangoni pameandikwa "Push". Akalisoma kwa sauti, na masikio yake yakasikia "puxe", neno la Kireno lenye sauti inayokaribia sana hiyo, ambalo maana yake ni vuta. Akavuta. Akavuta tena kwa nguvu zaidi, mpaka mlinzi akaja kumwonyesha kwamba mlango unasukumwa. Hapo Kiingereza hakikuwa na kosa lolote. Kosa lilizaliwa pale lugha mbili zilipokutana ndani ya kichwa kimoja.

Au tuseme saa. Mjomba alimwambia mgeni kwamba boti itaondoka "four", akiwa na maana ya saa nne asubuhi. Mgeni akaja saa kumi jioni, ambayo kwake ndiyo "four". Maji yalikuwa yamekupwa na boti imekaa mchangani. Na juu ya hayo, saa za Msumbiji ziko nyuma ya saa za Tanzania kwa saa moja kamili, kwa hiyo hata wangeelewana tarakimu ingebidi waulizane ni "four" ya ukingo upi. Ukitaka vurugu, njoo Namoto uulize saa ngapi.

Mifano hii inanifikisha kwenye wazo ambalo shairi limelikosa. Ugumu wa lugha haukai ndani ya lugha hiyo peke yake. Unakaa katika umbali kati ya lugha hiyo na lugha uliyotoka nayo nyumbani. Trenité aliwaandikia Waholanzi, na Kiholanzi ni ndugu wa karibu wa Kiingereza. Wanafunzi wake walikuwa tayari wana vitenzi vinavyofuatwa na vineno, wana saa inayoanza kuhesabiwa usiku wa manane, na wana neno moja la mwanamume na jingine la mwanamke pale sisi tunaposema "yeye" kwa wote. Kwao kilichobaki kuwa kigumu ni tahajia na matamshi. Hilo si kosa lake kama mwalimu wa Waholanzi. Linakuwa kosa pale shairi linapochukuliwa na kupelekwa duniani kote kama orodha kamili ya matatizo ya kila mtu.

Hoja yangu ya pili ni kwamba shairi linaita vurugu kitu ambacho kina historia. Vurugu ni jambo lisilo na sababu. Tahajia ya Kiingereza ina sababu nyingi mno, na hilo ndilo tatizo lake. William Caxton alianzisha uchapaji wa vitabu huko Westminster mwaka 1476. Wachapaji walianza kuyagandisha maandishi wakati ambapo vinywa vya watu vilikuwa bado vinabadilika. Kati ya miaka ya 1400 na 1700 irabu ndefu za Kiingereza zilihama makao yao karibu zote. Herufi zikabaki zimekaa palepale, sauti zikahama, kama jina la kijiji linavyobaki kwenye ramani baada ya watu wake kuondoka. Herufi k iliyoko mwanzoni mwa "knife" zamani ilitamkwa. Haikuwekwa pale kumkera mtu. Ni alama ya kwamba kulikuwa na sauti.

Nyingine ziliingizwa na wasomi. Neno "debt" lilitoka kwenye Kifaransa cha zamani bila b yoyote. Wasomi waliokipenda Kilatini wakakumbuka neno "debitum", wakapachika b ili asili ya mbali ionekane. Neno "island" lina kisa cha kuchekesha zaidi. Ni neno la Kiingereza cha kale lisilokuwa na s tangu lizaliwe. Ila kulikuwa na neno jingine la maana inayofanana, "isle", lililopitia Ufaransa kutoka Kilatini, nalo lilikuwa na haki ya kuwa na s. Kwenye karne ya 15 na ya 16 waandishi wakayadhania maneno haya mawili kuwa ni ndugu, wakampa s asiyehusika. Kwa hiyo s ya "island" ni kosa. Ni kosa lililofanywa na watu wenye elimu, likachapwa, likazoeleka, na leo asiyelijua kosa hilo ndiye anayehesabiwa kuwa amekosea.

Trenité alikuwa mwalimu, na sidhani kwamba historia ya namna hii ilikuwa ngeni kwake. Lakini shairi lake halitoi sababu hata moja. Linamwaga maneno mbele ya mwanafunzi kama mtu anayemwaga gunia la misumari njiani. Msomaji anatoka akiwa ameshangaa na hajaelewa kitu. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mtu anayejifunza. Mshangao unapita, na mtu akielewa sababu anakumbuka.

Shairi pia linanyamaza kuhusu lugha nyingine, na ukimya huo unawafanya wasomaji wadhani kwamba Kiingereza ndicho pekee kilichopinda. Tujitazame sisi wenyewe. Tunajisifu kwamba Kiswahili kinaandikwa kama kinavyosemwa, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Lakini andika "barabara" kwenye karatasi umpe mgeni asome. Ni njia ya magari au ni sawasawa? Mkazo ndio unaotenganisha maana hizo, na maandishi yetu hayaonyeshi mkazo. Andika "paa". Ni paa la nyumba au ni paa wa porini? Mtu wa Mombasa huyatofautisha kwa pumzi inayotoka pamoja na p, lakini tahajia sanifu haina nafasi ya pumzi hiyo. Kireno nacho, kwa wale wanaodhani kimenyooka, kina herufi x inayosomwa kwa njia nne: kwa namna moja katika "xícara", kwa nyingine katika "táxi", kwa nyingine katika "exame", na kwa nyingine katika "próximo".

Tazama pia neno "meza", ambalo tulilichukua kwa Wareno. Kwa Mreno, "mesa" ni ya kike, na kila sifa inayoifuata lazima ijue hilo. Kwetu imeingia katika ngeli ya i na zi, na kila neno linaloifuata lazima lijue hilo. Mwingereza ana "table" yake ambayo haimdai chochote: hata sifa haibadiliki. Kwenye meza hiyo moja Kiingereza ndicho rahisi kuliko zote tatu. Mtu akitunga shairi kuhusu ngeli zetu kwa jicho la Trenité angeweza kufika mistari 270 bila kuchoka. Waswahili walilichukua hata agizo la barabarani la Kiingereza, "keep left", wakaliona lina sura ya "ki", wakalifanya kiplefti, na vikiwa viwili ni viplefti. Sisi mgeni akija tunamvisha kanzu yetu. Waingereza wanamwachia mgeni nguo alizokuja nazo: Mfaransa na zake, Mlatini na zake. Ndiyo maana nyumba yao imejaa tahajia za kila taifa. Kila njia ina gharama yake. Hakuna mwenye haki ya kumwita mwenzake vurugu.

Nimefika kwenye hoja ya tatu, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike. Shairi linamaliza kwa kumshauri mwanafunzi aache. Najua ni mzaha. Mtunzi aliyeandika kitabu kizima cha kufundisha Kiingereza hawezi kuwa na nia ya kumfukuza mwanafunzi. Lakini mzaha una mahali pake, na mhakiki ana haki ya kuuliza nani anaweza kucheka. Anayecheka ni yule aliyekwisha kuvuka. Akiwa ng'ambo, nguo zake zimekauka, anatazama nyuma na kuwasimulia wenzake jinsi mto ulivyokuwa na mamba. Aliye ukingoni na mzigo kichwani anaisikia hadithi hiyohiyo kwa namna nyingine.

Mdogo wangu alikuwa ukingoni. Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa. Watu wengi wa wilaya yetu walitawanyika, na shule nyingi zikafungwa. Baadaye mama alimpeleka mdogo wangu kwa ndugu zetu upande wa Mtwara ili asome. Alikuwa na miaka 14. Kusoma alikuwa amejifunza kwa Kireno, na Kiswahili alikisoma mwenyewe bila kufundishwa, kwa vile anayejua herufi anaweza kukisoma. Akaingia sekondari, ambako masomo mengi yanafundishwa kwa Kiingereza. Siku moja katika somo la jiografia akaambiwa asome. Akafika kwenye "island". Akalisoma kama alivyofundishwa kusoma neno lolote, kwa kuipa kila herufi haki yake. Akasema "islandi".

Darasa likacheka. Mwalimu naye akacheka, na toka siku ile akawa anamwita Islandi. "Islandi, simama." "Islandi, futa ubao." Wenzake wakalichukua jina hilo hadi uwanjani. Kwa wiki mbili hakunyoosha mkono. Wiki ya tatu akasema tumbo linamuuma. Wiki ya nne akamwambia mama waziwazi kwamba anataka kurudi Namoto akauze samaki, kwa maana Kiingereza hakina akili na yeye hakiwezi. Hiyo ndiyo simu niliyopigiwa wiki tuliyosoma "The Chaos".

Mtu ataniambia kwamba Trenité hakumcheka mdogo wangu, na kwamba mwalimu yule huenda hata shairi hilo halijui. Ni kweli. Lakini kicheko chao ni kimoja. Ni kile kicheko kinachodhani kwamba anayekosea tahajia ameonyesha upungufu wa akili, wakati ukweli ni kwamba ametumia akili mahali ambapo desturi ilikuwa inatakiwa. Mdogo wangu hakukosea kusoma. Alisoma kilichoandikwa. Aliyekosea ni yule mwandishi wa zamani aliyedhani "island" na "isle" ni ndugu. Miaka zaidi ya mia nne baadaye, binti wa Namoto akaadhibiwa kwa kosa la mtu huyo.

Nilimpigia simu nikamweleza hivyohivyo. Nilimsimulia s ilivyoingia. Alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo kaka, mwalimu halijui hilo?"

Nikamwambia, "Huenda halijui. Lakini usiende kumwambia mbele ya watu. Mwalimu ni mkubwa wako."

Akasema, "Sitamwambia. Ila mimi nitajua."

Jumatatu alirudi darasani. Jina la Islandi halikuisha siku hiyo wala mwezi huo. Kilichobadilika ni kwamba sasa kila wiki ananiletea neno: "Kaka, hii b ya 'debt' nayo ni ya nani?" Nalitafuta, namjibu. Ameanza daftari. Ukurasa wa kushoto anaandika neno kama linavyoandikwa, wa kulia analiandika kama linavyotamkwa kwa tahajia ya Kiswahili, na chini yake anaandika kisa chake kama kipo. "Ailandi." "Deti." "Naifu." Daftari lile ni kinyume cha shairi la Trenité. Lina maneno yaleyale, lakini yamepangwa na mtu anayekusudia kubaki.

Hukumu yangu basi ni hii. "The Chaos" ni shairi lenye ufundi, na anayejua Kiingereza vizuri atalifurahia. Vina vyake vinastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa ushairi wetu, kwa sababu vinaonyesha jambo ambalo vina vya Kiswahili haviwezi kuonyesha. Lakini kama maelezo ya ugumu wa Kiingereza limeangalia herufi likasahau maneno, limewaangalia Waholanzi likatuchukulia wote kuwa Waholanzi, na limetoa ushauri ambao mtu wa Namoto hana uwezo wa kuufuata. Mjomba hawezi kuacha, kwa kuwa abiria wanakuja. Mdogo wangu hawezi kuacha, kwa kuwa mtihani wa kidato cha nne utaandikwa kwa Kiingereza, apende asipende.

Kwa walimu wanaolitumia shairi hili darasani nina ombi moja. Msiligawe siku ya kwanza. Ligaweni mwisho wa mwaka, wanafunzi wakiwa wamekwisha kupewa sababu, ili nao wacheke wakiwa ng'ambo. Na mwanafunzi akisoma herufi isiyosomwa, kabla ya kumcheka, mwulizeni herufi hiyo iliingiaje. Kama hajui, mwambieni. Kama ninyi pia hamjui, itafuteni pamoja naye.

Mjomba, nilipomweleza kisa cha s ya "island", alifikiri kidogo akasema kwamba hata yeye ana abiria kama huyo: anapanda kila siku, halipi nauli, hafanyi kazi yoyote chomboni, na hakuna anayethubutu kumshusha kwa sababu watu wamezoea kumwona amekaa pale.